Marejea

Miaka kumi na mmoja niliuza sumu kwa kipimo cha kizibo,
nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo, Mwanza mjini.
Vizibo viwili kwa lita ishirini, nilisema.
Usile kitu kabla hujanawa, nilisema,
na chai yangu mwenyewe ikanuka dawa ya viwavi.

Nyangeta aliponipigia kwamba shamba la bibi
limebaki kichaka na nyoka,
nilikuwa nafuta vumbi kwenye chupa zenye picha ya fuvu.
Nilimaliza kufuta.
Mimi si mtu wa kuacha kazi katikati.

Meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora,
kivuko hadi Ukara.
Mzigo: jembe, mapanga mawili,
na kifuko cha mbegu za marejea
ambacho baharia alikitikisa sikioni akauliza,
"Hii inaliwa?"
Inaliwa na udongo, nikamjibu.
Akacheka mpaka Bwisya.

Bibi hakuwa na jina la kilimo hiki.
Alikiita kulima.
Ng'ombe wake alikaa shimoni, ndani ya nyumba,
akikatiwa majani, akilalia samadi yake,
na samadi ikatoka kichwani kwa bibi, kikapu kwa kikapu,
hata mchanga uliochoka ukakubali uwele.
Katikati ya uwele alipanda marejea.
Nikiwa mdogo nilidhani jina lile ni ahadi,
kwamba ukiyapanda, waliokwenda watarudi.
"Kinachorejea ni rutuba," alinisahihisha.
"Watu wana akili zao."

Msimu wa kwanza nilishindwa na kiboko.
Usiku mmoja tu.
Matuta kumi na manne ya mchicha,
na asubuhi nyayo zake zimejaa maji
kama sahani zilizoachwa baada ya sherehe.
Masatu wa jirani alizunguka, akapima kwa fimbo, akaguna.
"Umemlisha mboga isiyo na dawa.
Atawaambia wenzake."
Jioni akarudi na nyavu kuukuu,
tukazungushia, tukafunga makopo ya kupiga kelele.
Hakutaka malipo. Alitaka kuona kama nitapanda tena.

Kisha vidukari kwenye maharage.
Nililijua jina la dawa yao,
bei ya jumla, bei ya rejareja,
na nani angeniwekea kwenye kivuko cha kesho.
Simu ilikuwa mkononi.
Nilikesha nikitwanga pilipili na mwarobaini,
nikikohoa kama mgonjwa wa kifua,
alfajiri nikarashia kwa ufagio.
Walipungua.
Sisemi walikwisha.

Mwaloni gugumaji liliziba njia ya mitumbwi.
Wavuvi walilitukana; mimi nilikwenda na toroli.
Watoto wakanifuata wakiniita Mama Magugu,
na jina likaganda.
Nikalianika, nikalipanga tabaka juu ya tabaka
pamoja na majivu, samadi, vichwa vya dagaa,
nikafunika kwa majani ya migomba, nikasubiri.
Siku ya arobaini nilizamisha mkono hadi kiwiko.
Joto.
Joto la uji ulioepuliwa sasa hivi.
Nilibaki nimeinama pale, mkono ndani,
nikiogopa kuutoa.

Leo nimepeleka gulioni mafungu kumi na tisa ya mchicha
na nusu debe la nyanya chungu.
Toa ushuru, toa nauli ya pikipiki,
toa fungu la Nyangeta, ambalo hakulipa
kwa kuwa yeye ndiye aliyenipigia simu.
Zimebaki shilingi elfu nne na mia mbili.
Nimehesabu mara tatu, kwa mazoea ya kaunta.

Nimerudi jua likiwa bado juu ya mawe.
Marejea yamekauka, maganda yanachezacheza kama kayamba,
wiki ijayo nitayafukia yote.
Nimeng'oa karoti moja, nyembamba, imepinda,
nimeifuta kwenye kanga,
nimeila nimesimama hapohapo,
mikono sijanawa.